Viti Viwili vya Fundi Sponji

Huyu fundi ninayetaka kumwelezea tulimwita Sponji, na asiyemjua akisikia hudhani tulikuwa tunamdharau. Hapana. Alikuwa fundi wa makochi, na karakana yake ilijaa sponji kutoka sakafuni mpaka darini, nyeupe, za njano, za buluu, nyingine ngumu za kukalia, nyingine laini za mgongoni. Halafu na yeye mwenyewe Mungu alimjaalia mwili. Mlango wa karakana aliupita ubavu ubavu. Akimaliza kutengeneza kochi, wateja walikuwa wakimwambia, "Fundi, likalie kwanza nione." Analikalia, anajitikisa, spring zinatulia, wote wanacheka, wanalibeba. Kochi likimstahimili Sponji, nani tena atalishinda?

Mkewe ndiye aliyeshona vitambaa. Cherehani yake ilikaa dirishani penye mwanga. Mama mwembamba, mwepesi, na maneno yake hayakupungua makali hata akiwa na pini mdomoni. Mimi nyumba yangu ni ya pili kutoka pale, na tangu niache kazi nimekuwa mtu wa kuzurura. Natoka kwenda kununua gazeti, najikuta nimekaa karakanani kwao na gazeti sijanunua.

Sasa nisipotee. Kulikuwa na hoteli kubwa, mbali, nchi nyingine kabisa, yenye ukumbi wa mikutano wa viti vingi mno. Mwenye hoteli aliwahi kuona kazi ya Sponji, akaapa kwamba viti vyake havitaguswa na fundi mwingine. Basi kila baada ya miezi kadhaa Sponji anaitwa, anapanda ndege, anakwenda kuvibadilisha sponji na vitambaa, anarudi.

Safari ya kwanza alirudi mnyonge. Alikuwa amekaa karibu na bwana mmoja wa suti, na bwana yule alishuka suti imekunjamana kama kitambaa kilichotoka kwenye gunia. "Nilimwomba radhi tangu tunapaa hadi tunatua," Sponji alitwambia. "Mwishowe akaniambia, fundi, yatosha, sasa unanibana na kwa maneno."

Akamwambia mwenye hoteli, ukinitaka tena nikatie viti viwili. Akakubaliwa bila maneno mengi. Ila Sponji aliona ni ajabu kiti kiwe na tiketi na kisiwe na mtu. Kwake hakuna kochi lililoingia karakanani bila jina la mwenyewe kuandikwa kwa chaki mgongoni. Kwa hiyo alipoulizwa kiti cha pili ni cha nani, akataja jina la mkewe. Siku ya safari mama wa watu akaitwa kwenye vipaza sauti vya uwanja wa ndege, akaitwa tena, wapi! Kiti akapewa mwanariadha mmoja mwenye mabega kama kabati.

Mkewe alipohadithiwa, aliacha kushona. "Yaani nimesafiri, nimechelewa, nimeitwa mbele za watu, nimenyang'anywa kiti, na wala sijainuka kwenye cherehani!"

Tangu hapo vikakatwa vyote viwili kwa jina la Sponji mwenyewe, kimoja cha kukalia na kimoja cha ziada. Akapewa na kadi ya maili, ile ambayo kila ukisafiri unawekewa maili zako, zikifika kiasi fulani unapata tiketi ya bure. Akaitia mfukoni, akaisahau.

Aliikumbuka pale binti yao alipokaribia kujifungua. Ni binti yao wa pekee, ameolewa ng'ambo, na miaka ilikuwa imepita hawajaonana ila kwa simu. Alipiga mchana mmoja mimi nikiwepo, mama akailaza simu kwenye meza ya cherehani ili baba naye asikie.

"Nataka mje," akasema binti.

"Tutakuja, mwanangu," mama akajibu.

"Nyote wawili, mama. Huyu ndiye mjukuu wenu wa kwanza. Mama akija peke yake nitalia, na baba akija peke yake atamaliza kochi langu lote."

Sponji alicheka, kisha akageuka akaanza kutafuta mkasi ulio mkononi mwake. Nauli ya kwenda huko haikuwa nauli ya kushonea makochi. Ilikuwa nauli ya kuuza karakana.

Kesho yake nikamsindikiza ofisi ya tiketi na kadi yake. Tulimkuta binti mmoja mchangamfu, akatukaribisha, akaingiza namba za kadi kwenye kompyuta.

"Baba, maili zako zinatosha kiti kimoja, kwenda na kurudi."

Sponji akashusha pumzi. Kiti kimoja yeye atakifanyia nini? "Basi ataenda mama yake," akasema, akatabasamu, lakini lile tabasamu lilikuwa la kuazima. Tukainuka.

"Samahani, baba," yule binti akatuita, macho bado kwenye kompyuta. "Naona kila safari ulikatiwa viti viwili. Mbona hiki cha pili hakijawekewa maili?"

"Hicho hakikukaliwa na mtu, mwanangu. Kilikaliwa na nyonga yangu tu."

"Nyonga ilipanda bure?"

"Bure wapi! Ililipiwa kama mtu mzima."

"Basi na maili zake ni zako. Hapa kwetu kiti cha ziada kikilipiwa kwa jina la abiria, maili zake ni za huyo huyo abiria. Ila hazijiingizi zenyewe, mpaka uziombe. Hebu kaeni kwanza."

Akatuombea. Wakubwa wake hawakujibu siku ile, wala kesho yake. Walipojibu, nilijua kabla sijaambiwa, maana Sponji alikuja kwangu anakimbia, na mimi sikuwa nimewahi kumwona anakimbia. Vikombe vililia kabatini.

"Mzee! Nyonga yangu imepata tiketi!"

Ni kweli. Ukiacha ile safari ya mwanariadha, viti vyote vya ziada vilihesabiwa, na sasa zilipatikana tiketi mbili. Tukashangilia, tukanywa chai, mke wangu akapiga vigelegele. Katikati ya vigelegele mama mshonaji akauliza kwa sauti ndogo, "Viti viwili. Baba watoto peke yake ni viwili. Mimi nakaa wapi?"

Hesabu ilikuwa imegoma.

Sponji aling'ang'ania mkewe aende na dada yake. Mkewe hakutaka kusikia. "Niende nikaulizwe baba yuko wapi? Niseme nimemwacha kwa ajili ya upana?" Siku zilizofuata karakana ilipoa. Walikuwa wanaombana pini na chaki kwa adabu, na watu wale wakianza kuongea kwa adabu ujue mambo si mazuri.

Halafu asubuhi moja nikakuta Sponji anapiga misumari kwenye kitu nisichokielewa. Mtu na kazi yake: katika safari zake zote, wenzake wakichungulia mawingu, yeye alikuwa anatoa tepu mfukoni anapima kiti. Vipimo alikuwa navyo kichwani. Alikuwa anatengeneza viti viwili vya ndege, na mkono wa katikati wa kuinuka. Akavisukuma mpaka ukutani, ukuta ndio dirisha la ndege.

"Mama watoto, njoo tusafiri," akasema.

Mama akaja, akajipenyeza upande wa ukutani. Sponji akaketi, akainua mkono wa katikati. Mimi ikawa kazi yangu kutangaza, nikasema, "Abiria, fungeni mikanda!"

"Unaonaje?" Sponji akamuuliza mkewe.

"Napumua," mama akajibu, shavu limegusa ukuta. "Ila kwa zamu. Wewe ukivuta, mimi natoa."

Hapo akaingia mteja, bibi mmoja wa miwani, akasimama anavitazama. "Hiki kikochi kidogo mnauza bei gani?"

"Hakiuzwi, mama," Sponji akamwambia. "Kiko angani."

Yule bibi alitoka kinyumenyume. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini kicheko kilipokwisha, mama bado alikuwa amebanwa, na Sponji akataka kuinuka. "Haiwezekani," akasema. "Nenda wewe, mke wangu. Nitamwona mtoto kwenye simu."

"Kaa chini," mkewe akamwambia. "Wewe ni fundi au si fundi? Tazama panapobana."

Sponji akakaa. Akapitisha kiganja kati yao kama anavyopapasa kochi bovu, akitafuta spring iliyolegea. "Chini pana nafasi," akasema polepole. "Chini tunaenea. Tunagombana mabegani."

"Basi bega liondoe."

"Nilipeleke wapi?"

Alijaribu kuupeleka mkono mbele, ukawa unamziba mama. Alijaribu juu ya kichwa, akaonekana kama anataka kujibu swali darasani. Mwishowe, taratibu, huku ananitupia jicho kana kwamba nimemfumania na sukari ya watu, akaunyoosha mkono nyuma ya mkewe, ukatua kwenye bega lake la upande wa ukutani.

Wakakaa. Mimi nimewafahamu tangu nywele zao nyeusi, na sikuwahi kuona jambo lile. Kwao walipendana kwa kutaniana.

"Unapumua?" Sponji akauliza.

"Napumua bila zamu," mkewe akasema, akanigeukia. "Mzee, hivi gazeti lako hujanunua?"

Nikaenda kununua gazeti. Niliporudi kwa mwendo wa kujichelewesha, bado wapo angani.

Yule binti wa tiketi naye akawaulizia, akaambiwa hakuna kizuizi: wasafiri wa pamoja wakikubaliana, mkono wa kiti utainuliwa, na baba ataletewa kipande cha kurefushia mkanda. Wakaruka, mtoto akiwa na siku chache tu duniani.

Ya ndani ya ndege alinisimulia mama. Mhudumu alipita akamwinamia: "Mama, baba hakubani?"

"Ananibana tangu siku ya harusi, mwanangu. Niletee chai."

Nyuma yao kulikuwa na dada mmoja kijana, akamsukuma mumewe kiwiko. "Unaona wenzako?" Yule mume naye akanyoosha mkono. Mama anasema mhudumu alipotaka kupita na kigari cha vinywaji, safu ile yote ilikuwa imekumbatiana. Pale mama anatia chumvi, nadhani.

Walipofika, binti akatangulia kumpa baba yake mtoto. Sponji akaamuru mkono uinuke, mkono haukutii. Ulikuwa umekufa ganzi hadi vidoleni. Mama hakungoja. "Nipe mimi," akasema, akamchukua mjukuu, huku Sponji amesimama anaukanda mkono wake na kulalamika kwamba amechezewa.

Siku chache baadaye nikampigia kumsalimu. Akapokea kwa mnong'ono, nikadhani anaumwa.

"Siumwi, mzee. Huyu mtoto kila mtu akimlaza analia. Mama yake kashindwa, baba yake kashindwa, bibi yake kashindwa. Nimemlaza juu ya tumbo langu, katanua mikono na miguu, kalala kama yuko kitandani kwake."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nifanye nini?" akanong'ona. "Nimekaa. Nyamaza basi, utamwamsha."