Nyumba Tatu Kati Yetu

Binti yangu anafundisha hisabati sekondari. Likizo iliyopita alinikuta nyumbani Isevya nikipanga zamu za sala za jumuiya yetu, akaomba orodha ya nyumba zake nane ajaribie somo lake. Alichora jedwali, akaziandika juu yake, akaziandika tena pembeni. Nyumba mbili zinazotembeleana, moja. Zisizotembeleana, sifuri. Akanipa kalamu.

Nilipofika kwenye nyumba ya kaka yangu katika jedwali nikaandika moja.

"Baba, kwake umekwenda lini?"

"Namwombea kila asubuhi."

"Hapa tunaandika kutembeleana, si kuombeana."

Nikafuta, nikaweka sifuri. Mama alipofariki miaka mitatu iliyopita, kaka alitaka tumrudishe Tura alikozaliwa. Mimi nikashikilia azikwe hapa, na nikashinda. Tangu siku ile, zamu ya sala ikifika kwake mimi hupata udhuru, ikifika kwangu yeye huumwa mguu. Nami ndiye katekista, nafundisha watoto kusameheana.

Binti akazidisha jedwali kwa jedwali lenyewe. Alinionyesha kidogo kidogo: chukua mstari wangu na safu wima ya kaka, zidisha nyumba kwa nyumba, kisha jumlisha. Nyumba inayotembelea upande mmoja tu hutoa sifuri. Inayotembelea kwetu sote wawili hutoa moja.

"Tatu," akasema. "Kuna njia tatu za hatua mbili kutoka kwako hadi kwa baba mkubwa, kila moja inapitia nyumba moja."

Nilizijua nyumba hizo. Mojawapo ni ya mama mmoja muuza karanga, ambaye mwezi uliopita aliniletea asali akisema amepewa nyingi. Karibu na sisi ni kaka tu mwenye mizinga ya nyuki. Niliila kwa mkate mzima, nisiulize.

"Basi nimtume mama karanga kwa kaka?" nikauliza.

"Amekwishatumwa vya kutosha, baba. Miaka mitatu anabeba mizigo yenu."

Jioni nikachukua kofia, nikaenda kwake. Kaka alikuwa kibarazani akichambua maharage. Sikuwa na hotuba.

"Shikamoo, kaka."

Alichambua matatu, manne. Niliendelea kusimama.

"Marahaba. Ile asali ilikufikia?"

"Ilinifikia. Nimekuja kushukuru. Na kuhusu mama, nilikukosea. Sikukusikiliza."

Akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka, na nusu ya maharage nichambue.

Niliporudi, binti alikuwa amelala. Jedwali lilikuwa bado mezani. Nikamshukuru Mungu, nikachukua kalamu, nikaikata sifuri ya kaka na kuandika moja.