Kikazakhi cha Ami Badawi

Ami Badawi alitoka Unguja kwenda Alma-Ata, mji wa Wakazakhi, kusomea umwagiliaji, zama za Wasovieti, akapata shahada na mke Mkazakhi, Saule. Sasa wanaishi Germantown, Marekani, naye anamwagilia miche ya utafiti kule Beltsville. Nyumbani walizungumza Kirusi. Hawakuwa na lugha nyingine waliyoimudu wote wawili.

Nchi ya Saule ilipojitawala, watu wake walianza kubishana: Kirusi ni mali yetu au ni mnyororo? Ubishi ukamfikia Saule kwa simu za mama yake. Mwaka jana, binti yao Fathiya alipoanza kusema, Saule aliapa kwamba Kirusi hakitatamkwa tena mbele ya mtoto.

"Tumetongozana kwa Kirusi," ami alimwambia, "leo kimekuwa najisi?"

"Bibi yangu aliuawa na njaa waliyotuletea wenye lugha hiyo." Tangu hapo hakumsemesha tena kwa Kirusi.

Mimi nilimuunga mkono Saule, na bado namuunga. "Ana haki, ami! Anayeazima ulimi ataazima na akili. Jifunze Kikazakhi!"

"Wewe huna mke, ndiyo maana una siasa," akanicheka.

Lakini alijifunza. Kikazakhi cha sokoni alikuwa nacho tangu ujana. Akatafuta kanda, akawa anazisikiliza garini kwenye foleni za kazini, kwa siri, ili amshtukize mkewe. Nyumba nayo ikazidi kunyamaza. Saule alimwonyesha chumvi kwa kidole. Fathiya aliwajibu wote wawili kwa Kiingereza cha televisheni.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao. Ami, kampakata mtoto, alininong'oneza kuwa leo ndiyo leo: chai ikiletwa, ataisifu kwa Kikazakhi. Simu ikalia. Saule akazungumza na mama yake kwa Kikazakhi huku akimenya karoti mbele yetu, wala hakupunguza sauti. Ya nini? Niliona tu mkono wa ami ukimbana Fathiya mpaka mtoto akalia.

Saule akakata simu, akaja na birika, akitabasamu.

Ami akasema sentensi moja ya Kikazakhi. Birika likasita hewani.

"Umemwambiaje?" nikauliza.

"Nimemuuliza kwa nini tiketi ni mbili," akasema. "Yake na ya mtoto. Ijumaa."

Mwaka mzima Saule alikuwa akiingoja lugha hiyo kinywani mwa mumewe. Sasa alimtazama kama aliyemfuma mwizi chumbani, akaweka birika chini, akanyoosha mikono amchukue Fathiya.

Ami hakumwachia.