Halima Aliyekataa Kuniuzia Kompyuta Nzuri

Bado sijakubali. Ati Halima wa duka la kompyuta hapa town ameenda? Si Jumanne tulikuwa tunagombana kwa simu, na sauti yake ilikuwa imenishinda nguvu!

Nyinyi watoto wake, mlizika haraka sana. Najua ni dini yenu, sawa. Lakini huku kwangu Kiplombe si mbali kama Uganda. Mngeningoja nifunge kitambaa kichwani nije.

Wacha niwaambie vile tulijuana. Mjukuu wangu Jeptoo anachora plan za nyumba. Kompyuta yake ya zamani, akizungusha nyumba ndio client aone upande wa nyuma, inakwama. Client mmoja, mzee wa kutoka Moi's Bridge, alingoja, akachoka. "Nisipoiona yote Ijumaa, nampa mtu mwingine kazi." Na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza kubwa ya huyo msichana.

Nikampeleka kwa Halima. Nikachagua moja nyembamba, kioo kikubwa, inang'aa.

"Hiyo sikuuzii, Mama."

"Kwani pesa yangu inanuka?"

"Hiyo ni ya mtu wa kuandika barua. Huyu anachora. Kadi iko wapi?"

Nikatoa kitambulisho. Wueh! Huyo mwanamke alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi niliachia darasa la tatu, ningejua aje kuna kadi inakaa ndani ya kompyuta, kazi yake ni picha tu?

Akanielezea ile nyembamba haina kadi yake. Memory ya picha inakopa kwa kompyuta yenyewe, kama jirani wa kuomba chumvi kila siku. Akatuonyesha nyingine nyeusi, nzito, imekwaruzwa kama sufuria ya shule. Nikamwambia mbele ya customers, "Wewe ni mkora! Unatuuzia chuma kuukuu."

Hakukasirika. Alimwambia Jeptoo, "Leta hiyo nyumba yako," akaifungua kwa zote mbili. Kwa ile yangu mabati yalitokea, kuta zikakataa. Kwa ile nyeusi nyumba ilizunguka mara moja, tukaona mpaka choo.

Bado nikasema kioo chake ni kidogo. "Mama," akasema, "kioo ni dirisha. Kama ndani hakuna mtu, utaona nini?"

Tukabeba nyeusi. Ijumaa yule mzee aliangalia nyumba pande zote, akahamisha dirisha la jikoni, akalirudisha, akalihamisha tena mpaka chai ikaisha. Akampa Jeptoo kazi.

Na mimi? Miaka yote tangu hapo, nikipita dukani nilimwambia, "Ilikuwa bahati tu." Naye ananivutia kiti. "Sema nilikuwa sawa, Mama. Mara moja tu." Nikakataa. Kichwa ngumu hii yangu.

Haya, nasema hapa watu wote wasome, na msinitumie vile vichwa vya kucheka vya simu: ulikuwa sawa, Halima. Mimi ndiye sikujua. Na hujawahi kuwa mkora.

Lala salama, mdogo wangu. Na usicheke kwa sauti huko, kuna watu wanapumzika.