Sauti ya Mzee Efraimu Ndani ya Seva

Elisifa alikuwa fundi pekee wa redio moja ndogo pale Rau mjini. Seva ya redio ilikaa kwenye chumba kilichowahi kuwa stoo, nayo ilitunza vipindi vyote, vikiwemo vya Mzee Efraimu wa Machame. Mzee alikuwa akisimulia kwa Kichagga jinsi babu zake walivyochimba mifongo, ile mifereji ya kuleta maji migombani.

Februari ile kiyoyozi cha stoo kiliharibika. Taa ya mbele ya seva ikatoka kijani ikawa ya chungwa, na feni zikavuma hadi watangazaji wakalalamika. Elisifa aliizima, akapuliza vumbi, akaiwasha. Taa ikawa kijani kwa muda, kisha chungwa tena. Feni moja ilikuwa haizunguki. Mkurugenzi, Bwana Badrudin, akaagiza nyingine Dar, lakini Mzee Efraimu alifariki kabla haijafika.

Binti yake, Goodness, alishuka mjini na flashi mkononi.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Wajukuu wa Dar hawajawahi kumsikia baba akisimulia. Tunaomba sauti yake, waisikie kabla hatujamzika."

"Mashine inaumwa, mama. Nakala nyingine hatuna. Ngoja nijaribu."

Aliweka feni ya mezani mbele ya seva, akaiwasha, akafungua kipindi kimoja kuhakikisha. Mzee akasikika akisalimia wasikilizaji, akaanza kueleza maji yanapotoka juu msituni. Goodness aliinamisha kichwa. Elisifa akaanza kunakili.

Taa ya diski moja ikageuka chungwa. Elisifa alijua mashine ingevumilia diski moja kufa, si mbili. Akaisogeza feni karibu zaidi, hakuwa na kingine cha kufanya. Ya pili ikafuata. Mzee akakatika katikati ya neno.

Alizima, akasubiri ipoe, akawasha. Seva haikuziona diski zile.

"Ndiyo basi?" Goodness aliuliza.

"Sijui, mama. Naogopa nikiendelea kugusa nitaharibu zaidi."

"Hata zile salamu?"

"Hazikuwahi kuingia kwenye flashi."

Goodness alifunga mkoba wake. "Umejaribu," alisema. Elisifa angeona nafuu kama angegombezwa.

Diski zilikuja kupelekwa kwa wataalamu Dar baada ya mazishi, zikarudi vilevile.

Siku ya mazishi Elisifa alipanda Machame, akasimama nyuma kabisa kihambani, kati ya migomba ya nyumbani kwa Mzee. Kwaya iliimba, mchungaji akahubiri, Mzee akazikwa kando ya kaburi la mkewe. Wakati wa chakula mjukuu mmoja, mwanamke wa umri wa Elisifa, alimsogelea.

"Mama kaniambia wewe ulikuwa unamrekodi babu. Sauti yake ilikuwaje?"

"Nzito kidogo," Elisifa alisema. "Akifika penye utani anaishusha."

Yule mwanamke alisubiri aendelee. Elisifa alitafuta neno jingine, akalikosa.