Bastola Ambayo Verlene Slone Hakuiuza

Saa nne asubuhi, Verlene Slone anazipanga bastola tatu ndogo juu ya kitambaa cha kijani, kila moja ikiwa wazi ili mtu yeyote aone haina risasi. Kisha anakunja mikono. Mteja wake, Tamsie Ratliff, muuguzi anayewahudumia wagonjwa majumbani, anaichukua haraka ile iliyo ndogo kuliko zote.

"Hii ndiyo aliyosema mume wangu," anaeleza. "Inaingia hata mfukoni."

"Mume wako ndiye atakayeibeba?"

"Hapana."

"Basi yeye na mawazo yake wabaki nyumbani, mwanangu. Hebu ishike tuone."

Tamsie anaishika. Mpini ni mfupi mno. Kidole chake cha mwisho kinaning'inia hewani. Anajaribu kuivuta ile sehemu ya juu kurudi nyuma, inagoma. Anajaribu tena, anauma midomo, bado inagoma. Verlene anamweleza kwamba bastola ndogo sana ni rahisi kuificha lakini ni ngumu kuitumia: springi yake ni kali, na kwa kuwa ni nyepesi, inaruka mkononi kila ikifyatuliwa. Wengi huipiga mara moja kwenye uwanja wa shabaha, halafu wanaitupa kwenye droo.

Ya pili ni kubwa kidogo, nyembamba, na vidole vyote vinapata mahali. Tamsie anaivuta mara moja na kutabasamu. Anadhani kazi imekwisha.

Haijaisha. Verlene anampa ala tupu ya kuvaa kiunoni, anaiweka bastola ndani yake, na kumwamuru akae kwenye kiti, ainame kama anayefunga kamba za viatu, halafu anyooshe mkono juu kama anayetundika dripu. Anapoinama, mpini unachomoza chini ya sare yake ya buluu.

"Hapo mgonjwa wako keshaiona," Verlene anasema.

Duka hili lipo Caney Gap, mji mdogo kwenye milima ya mashariki mwa Kentucky. Linauza ndoano, viatu vya mvua, mahindi ya kuwavutia paa na, nyuma kabisa, bunduki. Verlene, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, aliajiriwa hapa kiwanda cha kushona suruali kilipofungwa. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kuuza chambo cha samaki. Analipwa dola kumi na tano kwa saa, na kamisheni kidogo kwa kila bunduki inayouzwa.

Alihamia kaunta ya nyuma kwa sababu ya hasira. Wanaume waliokuwa wakiuza pale, anasimulia, walikuwa na jibu moja kwa kila mwanamke aliyeingia: ile ndogo kabisa, ikiwezekana ya rangi ya waridi. Yeye mwenyewe aliuziwa ya namna hiyo, ikamchuna ngozi ya kidole gumba siku ya kwanza. Alimwambia mwenye duka, Boyd Hensley, kwamba hata mtu wa chambo angeweza kufanya vizuri zaidi. Boyd akamwambia ajaribu.

Tamsie ana sababu ya kuja. Majira ya baridi yaliyopita, ndugu wa mgonjwa wake mmoja aliziba njia kwa gari na kumtaka atoe vidonge vya kutuliza maumivu. Tamsie alipita pembeni, tairi moja ikiwa mtaroni, na tangu siku hiyo hulala vibaya kila anapojua kesho ataenda kwenye nyumba ile.

Sasa maswali yanamtoka mfululizo. Akikaa kwenye gari kutwa, haitamchoma ubavuni? Jasho haliiharibu? Kwenye nyumba zenye watoto je? Na wakati anamwogesha mgonjwa?

Verlene anamjibu moja moja, lakini hilo la mwisho analirudisha. "Hilo unijibu wewe. Ukiwa umemshika mzee wa watu bafuni, mikono yako yote miwili ina sabuni, bastola iko wapi? Kama hujui, basi usiingie nayo humo ndani."

Anamshauri amuulize kwanza mwajiri wake kama anaruhusu, kisha aje Jumamosi uwanjani azipige hizo mbili alizozishika. Tamsie anaondoka bila kununua kitu. Boyd, aliyekuwa akifunga nyuzi za kuvulia, anamtazama akitoka, kisha anaendelea na nyuzi zake.

"Mtu anayechagua bastola ya kubeba ana maneno mengi," anasema Verlene akizirudisha kwenye kabati la kioo. "Ataibeba kila siku, kama kiatu. Lazima aulize kama itambana."

Ndiyo maana alimshtukia mteja ambaye hakuuliza chochote kuhusu kuibeba.

Ilikuwa mwezi Machi mwaka jana, mchana, mvua ikinyesha. Denzil Bowling, fundi mstaafu wa mitambo ya mgodini, aliingia na koti lake la kahawia likiwa limefungwa vifungo vyote. Mkewe, Opal, alikuwa amezikwa mwezi Januari. Denzil alionyesha kwa kidole bastola ya kwanza iliyokuwa mbele yake na kusema anataka hiyo.

Verlene alimuuliza ataivaa wapi. Alisema popote. Akamwekea mkononi, Denzil hakukunja hata vidole. Akamuuliza kuhusu ala, akasema haihitaji. Alitaka kujua jambo moja tu, kama anaweza kuondoka nayo leo.

Caney Gap nzima inamjua mbwa wa Denzil, jike la kuwinda sungura aitwaye Biscuit, ambaye hukaa kiti cha mbele cha gari lake kama abiria. Verlene alitazama nje, akaona kiti kitupu. Akauliza Biscuit yuko wapi.

"Nimempa mpwa wangu," Denzil alijibu. "Na vyombo vyake vyote."

Verlene aliichukua bastola, akairudisha ndani ya kioo na kufunga.

"Leo sikuuzii, Denzil."

"Pesa yangu ina ugonjwa?"

"Pesa yako ni nzima. Ninayemhofia ni wewe." Halafu akamuuliza waziwazi, bila kuzunguka, kama anafikiria kujiua.

Denzil alikitazama kioo kilichofungwa. Akasema duka la bunduki la ng'ambo ya mto liko wazi mpaka jioni. Akatoka.

Verlene anakiri kwamba hakuwa na uhakika. Mzee mfiwa anayeishi peke yake mwisho wa barabara anaweza kuwa na sababu kumi za kutaka bastola. Boyd naye hakufurahi. Ukoo wa Bowling ni mkubwa, na alimkumbusha kwamba mmoja akikasirika, wote huhama duka. Verlene alimwambia amfukuze kazi baadaye, sasa hivi anataka simu.

Alimpigia kwanza Maxie, dada yake Denzil. Kisha akampigia muuzaji wa duka la ng'ambo, Royce Tackett, mtu ambaye hajawahi kuongea naye vizuri kwa sababu ya ushindani wa bei. Alimweleza kwa kifupi. Royce akauliza kwa sauti ya chini, "Koti la kahawia?"

Denzil alikuwa ndiyo kwanza ameingia.

Royce alimdanganya kwamba mtandao wa serikali wa kuhakiki wanunuzi wa bunduki umekatika, asubiri kidogo. Akamtilia kahawa. Akaanza kumlalamikia kuhusu jenereta yake iliyokufa, na fundi wa mitambo hawezi kuacha kusikiliza habari za mashine mbovu. Walikuwa wameinama wote wawili juu ya jenereta hiyo, nyuma ya duka, Maxie na Verlene walipofika. Maxie alimshika kaka yake mkono na kumwambia wanakwenda hospitali. Denzil alimtazama Verlene na kumwambia hana haya. Lakini alikwenda.

Jioni ile bunduki zake za kuwindia zilihamishiwa kwa Maxie, na Denzil naye akahamia huko alipotoka hospitali. Kwa miezi mitatu hakumsalimia Verlene, hata walipokutana kanisani. Kisha siku moja alikuja dukani na Biscuit, akanunua kola mpya ya mbwa, na akiwa anasubiri chenji akasema, "Nilikuwa nimepanga iwe usiku ule." Verlene alimpa chenji yake. Walizungumza kuhusu sungura.

Denzil amekubali kuongea na mwandishi huyu akiwa amekaa kwenye baraza ya dada yake, mbwa miguuni. Haongei sana. Anasema bado zipo siku mbaya, na kwamba daktari anamwona kila mwezi.

"Angeniuliza nikoje, ningemwambia sijambo," anasema. "Nilikuwa nawaambia wote hivyo. Yeye akauliza mbwa."

Tamsie alirudi ile Jumamosi, akazipiga zote mbili, na kuichukua ya pili. Mwajiri wake amemkataza asiingie nayo kwa wagonjwa, kwa hiyo bastola hukaa kwenye kisanduku cha chuma kilichofungiwa garini. Jambo lililomsaidia zaidi, anasema, ni kwamba baada ya yeye kuuliza, kampuni iligundua shida yake, na sasa nyumba ile wanakwenda wauguzi wawili.

Verlene anakusudia kustaafu mwakani. Kinachomsumbua ni nani atasimama kwenye kaunta ile, na kama ataweza kuacha kamisheni imponyoke. Boyd, ambaye hakumfukuza, amemwahidi kwamba muuzaji wake yeyote akisema hapana, hakuna atakayemuuliza kwa nini.

Lakini Verlene anataka zaidi ya Caney Gap. Mwezi Oktoba, wauzaji wa bunduki wa maduka matano ya jirani watakutana kwenye ukumbi wa kanisa kuzungumzia namna ya kumtambua mteja kama Denzil. Maxie atapika maharage na mkate wa mahindi. Royce atakuja, ameshalalamika kwamba hakuulizwa kuhusu siku. Na Denzil atazungumza, kwa masharti yake: atazungumza akiwa amekaa, hatapigiwa makofi, na akishindwa katikati asishawishiwe kuendelea.

Verlene anasema hata asipotamka neno, inatosha.

"Hawa watu kila siku wanawaona wateja wanaotoka na boksi," anasema. "Nataka wamwone mmoja aliyetoka mikono mitupu, amekaa pale, anaongeza maharage."