Jamaa Aliyetaka Kunipima

Jamani, nisiwafiche. Mimi ni mwalimu wa karate hapa Garissa, na kila somo naanza kwa kuwaambia wanafunzi kwamba mpiganaji wa kweli hukwepa ugomvi. Sasa sikieni nilivyoukwepa wangu.

Jumatatu, sokoni, jamaa mrefu mwenye ndevu za hina alinishika mkono. "Wewe ndiyo mwalimu ya karate? Wallahi nakutafuta. Lazima nikubime."

Kunipima nguvu! Mimi, mtu wa Nyeri niliyeletwa huku na kazi, nipimane nguvu na mtu ambaye kiganja chake kilifunika kiwiko changu chote? Nikasingizia haraka. Siku tatu nilizunguka nyuma ya soko la mbuzi nisipite pale aliponishika, huku nikijisifu kwamba huko ndiko kujizuia.

Alhamisi akaingia uwanjani, wanafunzi wangu wote wakiwa wamejipanga. "Mwalimu, leo hukimbii!" Mkono wake ulikuwa mfukoni, unachomoa kitu. Nikainua mikono yote miwili juu na kupaza sauti, "Ndugu yangu, mimi sipigani! Umeshinda!"

Jamaa akanizungushia kifuani tepu ya fundi wa nguo.

"Habo habo, usishushe mikono," akasema. "Wazazi ya wanafunzi wako wanataka nikushonee sare mbya. Lakini wacha kutetemeka, mwalimu. Kibimo inabotea."