Mwenye Ghala

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Famasia katika hospitali ya misheni hapa Thika alinipeleka stoo, akanionyesha katoni za dawa zilizoharibika kwa kupitwa na tarehe.

"Madam, kompyuta haijui dawa," akasema. "Ni wewe utaifundisha."

Nikaifundisha. Programu niliyoandika niliiita Ghala: huonyesha dawa zilizopo, zinazokaribia kuisha na zinazokaribia kuharibika. Niliitoa iwe programu huria, yaani msimbo wake, yale maagizo tunayoiandikia kompyuta, ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuutumia bure.

Baadaye nilihamishiwa tawi letu la Ruiru, nikapewa msaidizi, Njoroge. Mimi nilikuwa mtu wa msimbo. Yeye alikuwa mtu wa watu. Zahanati ya Malawi iliyotumia Ghala ikiuliza swali mtandaoni, alikuwa ameshajibu kabla sijavaa miwani. Watu wakaanza kumshukuru yeye. Nilizisoma shukrani hizo zote, na kila moja ilinichoma.

Kazi ilipotuzidi, shirika mwavuli lilikubali kuipokea Ghala. Mashirika ya aina hiyo hayatafuti faida. Hulea programu huria nyingi pamoja, yakizisimamia kisheria na kuzipokelea michango. Sharti lilikuwa kwamba jina la Ghala liwe mali ya shirika, na kamati iongoze, Njoroge akiwemo. Sahihi iliyohitajika ilikuwa yangu.

Katika mkutano wa video watu wa shirika walimkaribisha Njoroge kama mwanzilishi.

"Hapana," akawaambia, "mwanzilishi ni Mama Wangui, huyu hapa kando yangu."

Wakanipongeza kwa adabu, kisha maswali yakarudi kwake. Afadhali angenyamaza, ningepata sababu ya kumchukia.

Nikakaa na ile hati bila kuitia sahihi. Njoroge akanialika Kamakis, kwenye hoteli za nyama choma. Nyama ikaletwa, hakuna aliyeigusa.

"Mama Wangui, kama ni mimi nakusumbua, nitatoka kwa kamati."

"Na hao wa Malawi watamuuliza nani?"

Sote tulijua si mimi. Nikatia sahihi pale pale mezani.

Wengi hudhani mtu akistaafu, wivu humtoka. Wangu ulikuja nami nyumbani. Juzi nilienda zahanati ya Ngoliba kuchukua dawa za presha, nikamkuta mama wa famasia akiikodolea macho skrini. Ilikuwa Ghala.

"Hii ni ya nani?" nikauliza.

"Ni ya Njoroge fulani wa Ruiru, cucu," akasema, akiniita nyanya kwa Kikuyu. "Ni poa, ila herufi ni ndogo."

Nikampigia Njoroge, nikamweleza.

"Nitarekebisha leo, Mama."

"Wacha. Nitarekebisha mwenyewe."

Nikaandika rekebisho, nikalituma kwa kamati kama mtu mwingine yeyote. Njoroge ndiye aliyelikagua. Akanirudishia, akiomba kwa heshima nibadilishe mstari mmoja, na kunieleza sababu. Mchana kutwa nilitafuta kosa katika hoja yake. Sikulipata.